Bunia: Nafasi za mafunzo kwa watu wa sauti zipo, dosie za Shari zinakwama wapi?

Katika komini ya Shari, moja ya komini tatu za mji wa Bunia pamoja na Mbunya na Nyakasanza, radio inaamka mapema kuliko soko. Kabla mtangazaji hajasalimia wasikilizaji, kuna mtu ameshawasha grupu, ameangalia emeteri, amejaribu mikro moja moja na kusafisha sauti ya ripoti iliyoingia usiku kwa WhatsApp. Jina la mtu huyo halisikiki hewani. Mara nyingi hana mkataba, hana kadi ya kazi, na mshahara wake ni "tutaona mwisho wa mwezi". Siku akikosa kuja, radio inanyamaza.

Watu wa namna hiyo njo programu nyingi za kimataifa zinasema zinawatafuta: mafundi wa sauti, watayarishaji wa vipindi na watu wa podikasti ambao hawajawahi kupewa nafasi. Wanatajwa wanawake, vijana wa mbali na miji mikubwa, watu wa jamii ndogo, wenye ulemavu na waliokimbia vita. Wanaochaguliwa wanapata mafunzo, mshauri wa kuwafuata kwa miezi kadhaa, mara nyingine vifaa na pesa kidogo. Tangazo linafika Bunia, linazunguka katika makundi ya WhatsApp, kila mtu anamtumia mwenzake na neno "jaribu". Kisha siku ya mwisho inapita, na mazungumzo yanaishia hapo.

Si kwa sababu Ituri haina watu wa kazi. Dosie zinakwama njiani, na kila mahali zinapokwama pana sababu yake.

Zamani mafunzo yalikuja yenyewe

Kwa miaka zaidi ya ishirini, mtu wa radio wa Bunia hakuwa na haja kubwa ya kuomba. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, kazi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Baada ya vita vya 1999 hadi 2003, na kikosi cha Ulaya cha operesheni Artemis kilichoingia Bunia Juni 2003, mashirika ya kusaidia vyombo vya habari yalifuata, Internews ikiwa mojawapo. Mwaliko ulitumwa kwa mkubwa wa radio, mkubwa akachagua nani aende, watu wakakaa ukumbini siku tatu, wakarudi na cheti na pesa ya usafiri. Watu walizoea hivyo.

Sasa njia hiyo imefungwa karibu yote. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na mashirika yaliyotegemea sana pesa za USAID, Internews ikiwemo, yalitikisika. Mwezi wa Machi mwaka huohuo wafanyakazi wa Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilikuwa na wasikilizaji wengi mashariki mwa Kongo, walirudishwa nyumbani. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na Bukavu ikafuata Februari. Ile miji miwili ambako watu wa Ituri walikuwa wanapanda kwenda kujifunza ikawa upande mwingine wa vita.

Lakini kazi haikupungua. Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mtu wa teritware ya Djugu au Irumu anataka kujua kama barabara imefunguka kabla hajapanda moto. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa uliua watu 2,287, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na radio za vijijini zilibeba ujumbe wa kinga katika lugha ambazo watu wanazielewa. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa radio ya Lwemba katika teritware ya Mambasa aliyekuwa akielimisha watu juu ya ugonjwa huo, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019. Katika jimbo hili kazi ya sauti imeokoa watu, na wengine imewagharimu uhai.

Kwa hiyo mafunzo sasa hayaji yenyewe. Mtu lazima ayatafute yeye mwenyewe, ajaze fomu kwa jina lake, na ashindane na watu asiowajua.

Mlango wa kwanza: "asiyesikika" ni nani?

Neno hili linabadilika kulingana na anayelitamka. Mwaka 2018 kampuni ya Spotify ilianzisha programu ya Sound Up. Marekani ilitafuta wanawake wasio weupe waliokuwa na wazo la podikasti lakini hawakuwa na njia. Kule lilikuwa jibu la shida ya kule. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilitoa dola 100,000 kwa podikasti za Afrika, kwa kushirikiana na Africa Podfest ya Nairobi. Podikasti 13 zilichaguliwa, zote kutoka nchi nne: Kenya, Nigeria, Ghana na Afrika Kusini. Kongo, pamoja na ukubwa wake, haikuwemo.

BBC nayo ina tuzo ya Komla Dumor, iliyoanza 2015 kwa kumbukumbu ya mtangazaji wa Ghana. Mshindi anafanya kazi London kwa miezi mitatu. Wa kwanza alikuwa Nancy Kacungira wa Uganda. Baadaye walikuja Wakenya kama Waihiga Mwaura mwaka 2018 na Victoria Rubadiri mwaka 2020. Tuzo inadai Kiingereza kizuri, na washindi hao wametoka nchi ambako Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi. Hakuna njama hapo. Mlango tu ulijengwa kwa kipimo cha watu wengine.

Somo la kwanza ni kusoma masharti kabla ya kuandika hata mstari mmoja: nchi zinazokubaliwa, lugha, umri, miaka ya kazi, na kama nafasi ni ya mtu binafsi au ya radio nzima. Nusu saa ya kusoma inaokoa wiki nzima ya kujaza fomu isiyokuhusu.

Lugha ya kazi na lugha ya fomu

Kiswahili leo kina heshima kubwa katika karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2021 pamoja na Kifaransa, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022, na Kongo yenyewe iliingia katika Jumuiya mwaka huohuo. Lakini fomu bado zinakuja kwa Kiingereza, mara chache kwa Kifaransa. Fundi anayehariri kipindi cha saa nzima kwa Kiswahili, Kilendu au Kihema anatakiwa ajieleze kwa lugha ambayo hajawahi kufanyia kazi hata siku moja.

Hapa wengi wanaanguka kwa kutaka kujificha. Wanamwachia rafiki au mashine iandike maneno makubwa, na barua inatoka haina mtu ndani yake. Msomaji wa fomu amesoma barua mia za namna hiyo. Afadhali sentensi fupi za kweli: nani, anafanya nini, kwa vifaa gani, alitatua shida gani. "Umeme ulikatika katikati ya habari za saa moja, tukaendelea kwa betri ya gari" inasema mengi kuliko "nina shauku kubwa ya mawasiliano". Na sauti inayotumwa kama mfano wa kazi inaweza kubaki ya Kiswahili, mradi masharti yanaruhusu na tafsiri fupi imewekwa pembeni.

Karatasi zilizoungua na barua za mkubwa

Programu nyingi zinaomba kitambulisho, cheti cha shule na barua ya mtu anayekufahamu. Ituri kila kimoja kina historia yake. Kwa Wakongo wengi kitambulisho ni kadi ya uchaguzi, na kadi nyingi zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023 zimefutika maandishi. Anayesubiri tangazo litoke ndipo aanze kutafuta duplikata au pasipoti ameshachelewa. Na aliyekimbia kijiji usiku, akaishia katika kambi kama ya Kigonze hapa Bunia, hakubeba diploma. Alibeba watoto.

Hili halipaswi kufichwa. Fomu ikiwa na nafasi ya maelezo, ndipo pa kuandika wazi kwamba vyeti vilipotea katika vita, na kuweka badala yake barua ya radio, ya chuo au ya mkubwa wa kartie. Programu inayosema inatafuta walioachwa nyuma ina wajibu wa kupokea ushahidi wa namna hiyo. Isipopokea, basi inatafuta walioachwa nyuma wenye karatasi kamili, na hao ni wachache.

Barua ya mkubwa ni jambo gumu zaidi, maana hapo kizuizi kiko nyumbani. Mkubwa wa radio anaweza kunyima sahihi kwa woga kwamba fundi akifunzwa ataondoka. Mwingine anampa nafasi ndugu yake, au mwanaume anayetangaza, wakati dada anayeshika mikseri kila jioni anaambiwa "hii si kazi yako". Katika jimbo ambalo jamii zimepigana, nafasi moja ikienda upande mmoja kwa siri inazaa maneno mengi kuliko faida yake. Dawa yake ni ndogo: tangazo libandikwe ukutani, kila mtu alione, na barua itolewe kwa yeyote aliyefanya kazi.

Mfano wa Bukavu unasaidia. Chouchou Namegabe, mtu wa Radio Maendeleo, alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha chama cha AFEM cha Kivu ya Kusini mwaka 2003. Walifunzana kushika mikro na kurekodi ushuhuda wa wanawake wa vijijini. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya kimataifa ya Knight na akatoa ushuhuda mbele ya Seneti ya Marekani. Mwaka 2014 mwenzake wa mji huohuo, Caddy Adzuba wa Radio Okapi, alipata tuzo ya Hispania ya Prince of Asturias. Kazi ya pamoja ilitangulia, tuzo zikafuata. Walipoulizwa "umefanya nini?", jibu lilikuwa tayari kwenye kaseti.

Mega na saa

Sehemu ya mwisho inaonekana ndogo, lakini njo inayoua dosie nyingi usiku wa mwisho. Sauti ya WAV yenye ubora wa kawaida wa CD inakula karibu mega 10 kwa dakika moja. Mfano wa dakika tatu ni mega 30. Mtandao ukiyumba saa tano usiku, haupandi. Sauti hiyohiyo ikiwekwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 inabaki mega 3 hivi. Kama masharti hayadai WAV, MP3 inatosha. WAV ibaki salama kwenye flashi.

Kisha saa. Programu ya Nairobi inayofungwa saa sita usiku inafungwa saa tano usiku Bunia, kwa sababu Kenya iko mbele kwa saa moja. London ni kinyume: saa sita ya usiku ya kule ni saa nane ya usiku hapa wakati wa baridi yao, na saa saba wakati wa joto. Aliyehesabu vibaya upande wa Nairobi anakuta mlango umefungwa huku simu yake ikimwambia bado ana saa nzima. Busara ni kutuma siku mbili kabla.

Wezi nao wamejua kwamba watu wanatafuta. Ujumbe unaosema "umechaguliwa" kwa programu usiyoomba, au unaotaka dola 20 kwa M-Pesa au Airtel Money "kwa kufungua dosie", ni wa kuachwa hapohapo. Mafunzo ya kuinua wasio na uwezo hayaanzi kwa kuwatoza.

Nani afanye nini

Kumwachia kijana wa Shari mzigo wote si haki. Radio inaweza kupanga jioni moja kwa mwezi ya kujaza fomu pamoja, mwenye Kiingereza akimsaidia mwenye sikio zuri. Inaweza pia kuomba kama taasisi: UNESCO ina mpango wake wa maendeleo ya mawasiliano, IPDC, ulioanzishwa 1980, ambao umesaidia radio za kijamii katika nchi nyingi. Wenye programu nao wanaweza kukubali maombi ya sauti. Ni ajabu kumpima fundi wa sauti kwa insha, wakati angeweza kurekodi dakika mbili na kazi yenyewe ikajieleza.

Kukataliwa kutakuwepo, tena mara nyingi. Lakini anayeomba mara ya kwanza anabaki na vitu vitatu: wasifu ulioandikwa, sauti tatu nzuri zilizopangwa, na barua yenye sahihi. Mara ya pili hizo ziko tayari, na kinachobaki ni kubadili tarehe na jina la programu. Asiyeomba anabaki na tangazo la WhatsApp ambalo siku yake imepita, na kesho asubuhi anarudi kuwasha grupu.