Jua la Allah, Taa ya Mja na Mche wa Haramu Uani

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), aliyelijaalia jua kuwa mwanga na usiku kuwa utulivu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu wa Bugwema, na nyinyi wa misikiti ya Musoma, Bunda na Butiama mnaosomewa waraka huu baada ya swala, limezuka neno miongoni mwa vijana wetu ambalo tukilinyamazia tutakuja kuulizwa. Wanasema kwamba kulima bangi shambani, kama ilivyozoeleka katika bonde la Mto Mara upande wa Tarime, ni jambo la hatari na la kizamani. Lakini kuotesha miche miwili mitatu nyumbani, mchana ikapata jua la uani na usiku ikaangaziwa taa ya umeme, hiyo wanaiita utaalamu. Picha wanazo kwenye simu, wanaonyeshana vyumba vya Wazungu vilivyojaa taa. Na hoja zao ni tatu: kwamba ni jani tu aliloliumba Mola, kwamba ni ndani ya nyumba ya mtu, na kwamba Ulaya imeruhusiwa.

Tuanze na jani. Ni kweli Allah ndiye aliyeliumba, kama alivyoumba zabibu. Je, uhalali wa zabibu uliihalalisha khamri iliyokamuliwa humo? Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa kila chenye kulevya hukumu yake ni ya khamri, wala hakutofautisha baina ya kinywaji, moshi na kitafunwa. Wapo wanaojitetea kuwa maimamu wanne hawakuitaja bangi. Hawakuitaja kwa sababu haikuwa imeenea katika zama zao. Ilipoenea, wanazuoni hawakusinzia: Ibn Taymiyya aliandika kwa ukali kuiharamisha, akaeleza kuwa ilidhihiri miongoni mwa Waislamu mwishoni mwa karne ya 6 Hijria, wakati wa kuja kwa Watatari, na Az-Zarkashi akatunga risala mahususi juu yake. Kijana anayesema leo kuwa suala hili halina kauli hajafungua kitabu.

Tena hiyo taa ndiyo inayomsuta. Mtu ambaye mbegu imemdondokea uani ikaota yenyewe anaweza kusema hakukusudia. Lakini aliyevuta waya, akanunua balbu, akaamka usiku kuwasha na kuzima kwa ajili ya mche mmoja, nia yake imeandikwa ukutani na kila mpitaji anaisoma. Tunajua sote kuwa amali hufuata nia. Na laana iliyotajwa na Mtume (s.a.w.) juu ya khamri haikuishia kwa mnywaji, ilimfika mkamuaji, mbebaji, muuzaji na mla thamani yake. Mwenye kuumulikia mche usiku kucha yuko wapi katika orodha hiyo, kama si pale pale alipo mkamuaji?

Hebu tutazame pia ujinga uliomo ndani yake, maana haramu nyingine huambatana na upumbavu. Mkazi wa Berlin hutumia taa kwa sababu katika siku fupi za Desemba jua lake halimfikishii hata saa 8. Bugwema ipo takriban nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na tofauti baina ya siku ndefu na siku fupi haifiki hata dakika 20. Kijana wa hapa anaiga tiba ya maradhi asiyokuwa nayo. Huko Marekani, mtafiti Evan Mills alikadiria mwaka 2012 kwamba kilimo cha bangi ndani ya majengo kilikuwa kikila karibu asilimia 1 ya umeme wote wa nchi ile. Huo ni umeme wa taifa tajiri, na bado ni israfu. Sasa aige mtu anayenunua luku ya shilingi elfu mbili, ambaye mwanawe anasomea mwanga wa tochi?

Na si kwamba sisi watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria tunahitaji kufundishwa kuchanganya jua na taa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi unapokuwa umefichama, kwa karabai na siku hizi kwa taa za sola. Kukicha mama zetu huwaanika juani, wakakauka, wakasafiri hadi masoko ya mbali. Vifaranga wa kuku huwekewa balbu usiku wapate joto, asubuhi wakatolewa nje. Jua lile lile husukuma pampu ya kumwagilia vitunguu. Zote hizo ni riziki za halali zinazoliwa na watoto bila baba kuogopa mbwa akibweka usiku.

Hapa inabidi tuwe waadilifu. Kijana wa Bugwema hakuiangalia bangi kwa kupenda uovu tu. Bonde lake lina ardhi nzuri na ziwa halipo mbali, na mradi wa umwagiliaji ulioanza miaka ya 1970 umesuasua kwa muda mrefu mno. Ameahidiwa maji tangu babu yake. Mpunga hutegemea mvua, pamba bei yake hupanda na kushuka, na mihogo haimjengei nyumba. Wazee wa misikiti wanaomkemea mimbarini bila kuwa na neno la kusema juu ya maji na masoko, nao wana sehemu yao ya lawama. Hata hivyo, shida haijapata kuihalalisha biashara ya kilevi. Aliyeruhusiwa haramu kwa dharura ni yule anayechelea kufa, na hakuna aliyekufa njaa kwa kukosa bangi.

Ama hoja ya pili, ya nyumba ya mtu. Ni kweli Uislamu umekataza kupelelezana, na sisi hatuwaambii vijana wa msikitini wakwee kuta za watu. Lakini faragha ni stara ya aliyemo ndani. Haigeuki fatwa ya kuhalalisha alichokificha. Na ni faragha gani yenye watoto 6, shemeji na mpangaji? Harufu haina mlango. Mtoto wa miaka 10 anayetumwa kumwagilia mche wa baba amekwishasomeshwa.

Kisha kuna sheria ya nchi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, haikuweka idadi ya miche inayosamehewa, na adhabu ya kulima ni kifungo cha miaka 30. Mwenye eneo anayejua na kuruhusu naye anaguswa. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliingia bonde la Mto Mara wilayani Tarime ikateketeza mashamba kwa mashamba. Wanaodhani kuwa ndoo tatu za uani hazitahesabiwa wanaichezea kamari miaka 30 ya umri wao, na uani wenyewe mara nyingi ni wa mama mjane.

Hoja ya tatu ni ya Ulaya. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima kuotesha kwa matumizi yake faraghani. Kanada ikafuata mwaka huo huo, na Ujerumani ikaruhusu miche 3 kwa mtu mzima mwaka 2024. Riba nayo imeruhusiwa katika nchi hizo, na pombe, na kamari. Tangu lini bunge la Berlin likawa dalili ya kisheria kwa Muislamu? Isitoshe, Wajerumani hao hao wamemkataza muoteshaji wa nyumbani kuuza, na wakamtaka aifungie miche watoto wasiifikie. Vijana wetu wamesoma ruhusa, wakaruka masharti.

Wala wasitudanganye kuwa ni dawa. Dawa yenye kulevya huamuliwa na tabibu mwadilifu kwa mgonjwa maalumu, kwa kipimo, pale inapokosekana nyingine. Bangi kali, ile inayotafutwa kwa taa hizo na ambayo sokoni huitwa skanka, imechunguzwa. Utafiti wa Marta Di Forti na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, ulionyesha kuwa wanaoitumia bangi ya namna hiyo kila siku walikuwa na uwezekano wa kupatwa na wazimu wa saikosi karibu mara 5 ya wasioigusa kabisa. Akili ni miongoni mwa mambo 5 ambayo sharia imekuja kuyalinda. Familia ngapi mkoani Mara zinamfunga kijana kamba na kumpeleka kwa mganga zikidai ana jini, na jini lenyewe lilikuwa likimwagiliwa nyuma ya jiko?

Tunazitaka kamati za misikiti zifanye mambo haya. Zisipokee sadaka ya mtu ajulikanaye kwa biashara hii, hata kama ni mabati ya msikiti unaovuja. Mara kadhaa tumeona macho yakifumbwa kwa sababu ya bati. Makhatibu waitaje bangi kwa jina lake, waache kusema "mambo yale". Mgonjwa wa akili apelekwe hospitali, na kisomo kiendelee pamoja na tiba. Vijana waliokwisha kuotesha wasitangazwe wala wasitukanwe. Watumiwe mzee wanayemheshimu, awaendee kwa siri na kwa upole, mche ung'olewe na kuchomwa mbele yake siku hiyo hiyo. Na ile balbu ihamishiwe chumba anachosomea mtoto.