Si Kila Mchezo ni Kamari

Msomaji, bila shaka umepata kuambiwa kuwa mchezo ni kazi ya mvivu. Mzazi amekuambia, mwalimu amekuambia, na yamkini umelisikia neno hilo mara nyingi hata umelisadiki. Mimi ni mwalimu, na nimekusudia kulipinga.

Sisemi kuwa kila mchezo ni mwema. Iko michezo ya simu iliyotengenezwa makusudi ili imnyang'anye kijana fedha zake. Huweka shilingi hamsini akitazamia elfu. Zikipotea, huweka mia ili azikomboe zile hamsini. Hiyo ni kamari, hata ikivikwa rangi za dhahabu na muziki. Haimtaki mchezaji akili. Yamtaka kidole cha kubonyeza na mfuko wa kutoa. Ugomvi wangu ni na watu wazima wanaoitia michezo yote katika kapu moja. Kijana aambiwaye kuwa yote ni uovu sawasawa hana mizani ya kupimia. Akishalivunja katazo kwa mchezo usio na dhara, haoni sababu ya kujizuia na ule wenye dhara. Hivyo mkali asiyebagua humsaidia mwenye kamari bila kujua.

Wazee wa pwani hawakuwa na upofu huo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, wala hakuna dadu ya kumwokoa mjinga. Fundi wa bao aliheshimiwa barazani, na hakuna aliyemdhania kuwa ndugu wa mcheza kamari.

Sasa tazama kazi ya Mmarekani Lucas Pope, aliyetoa mwaka 2013 mchezo wa kompyuta uitwao Papers, Please. Hakuwa na kampuni kubwa ya kumtegemeza. Kwa sehemu kubwa aliutunga peke yake. Mchezaji hupewa kazi ya ofisa wa uhamiaji mpakani mwa Arstotzka, nchi ya kubuni inayotawaliwa kwa mabavu. Watu hupanga foleni. Yeye hukagua pasipoti, picha, tarehe na mihuri, kisha hugonga muhuri wa kukubali au wa kukataa. Ujira wake hutokana na hesabu ya watu aliowahudumia bila kosa, na jioni ujira huo hugawanywa kwa kodi ya nyumba, chakula, moto wa kuotea baridi na dawa. Siku moja hupita mwanamume mwenye karatasi kamili, naye husema kuwa mkewe yu nyuma yake. Mke afika, kibali hana. Utampitisha? Ukimpitisha, huandikiwa kosa, na makosa yakizidi ujira hukatwa, na nyumbani wako wanaokutegemea. Ukimkataa, umetii sheria. Kitabu kingeweza kukusimulia habari za ofisa huyo, nawe ukamlaumu hali umeketi kwa starehe. Mchezo huu umekutia muhuri mkononi. Nauliza: uvivu uko wapi hapo?

Michezo ya mezani nayo imebadilika. Wengi wetu tulikulia katika ludo, ambamo dadu ndiyo bwana. Katika Pandemic, mchezo uliobuniwa na Matt Leacock na kutolewa mwaka 2008, wachezaji wote huwa upande mmoja, wakipigana na maradhi manne yanayoenea katika miji ya dunia. Hushinda wote au hushindwa wote. Nimeona vijana wabishi wakilazimika kusikilizana, ingawa kelele zao, nakiri, zilivuka ukuta wa darasa la pili.

Watasema michezo hii ni ghali, na kwa shule nyingi neno hilo ni kweli. Lakini boksi kuukuu, kalamu na maharagwe hatukosi. Wanafunzi wangu wanne walijitungia mchezo wao juu ya kisima cha kijiji wakati wa kiangazi. Kanuni yao ya kwanza ilimpa ushindi mwenye mitungi mingi. Kisima kikakauka kabla mchezo haujafika nusu. Wakaifuta, wakatunga nyingine, nayo ikawafaa wavivu, kwa sababu aliyeketi tu alipata sawa na aliyechota. Juu ya kanuni ya tatu wangali wanabishana, tena saa ya mapumziko, bila kulazimishwa na mtu.