Feni ya Umeme kwenye Land Rover ya Zamani: Tuyapime Madai

"Land Rover yako inachemsha? Toa panga la mkanda, funga feni ya umeme, shida imekwisha." Dai hili ndilo linalowagharimu wengi. Kazi ya feni, iwe ya aina gani, ni kuvuta hewa kwenye rejeta gari likiwa limesimama au likitambaa. Ukishafika kilometa 60 kwa saa, upepo wa mwendo unatosha. Gari linalochemsha kwenye barabara kuu halidai feni. Litazame rejeta iliyoziba kwa kutu, thamostati iliyokwama, au gasketi ya silinda hedi inayopitisha gesi kwenye maji. Usipoyagusa hayo, mshale wa joto utapanda vilevile, feni mpya ikivuma.

Eti utapata nguvu na kuokoa mafuta? Kiasi, ndiyo. Injini ikizunguka mara mbili zaidi, feni ya mkanda hudai nguvu mara nane hivi. Lakini injini ya lita 2.25 si ya kukimbizwa, na umeme nao hautoki mbinguni: alteneta huzungushwa na injini hiyohiyo. Faida iliyopo inatokana na feni ya umeme kulala sehemu kubwa ya safari.

Kisha huja neno la kutuliza: "Ni waya mbili tu." Hapa ndipo magari yanapozimika njiani. Series II na IIA nyingi zilitoka kiwandani Solihull zikiwa na dinamo ya Lucas C40, ambayo ikijitahidi sana hutoa ampia 22. Feni moja ya maana hula 10 hadi 20. Jumlisha taa kubwa na waipa usiku wa mvua, uone kinachobaki. Baya zaidi, dinamo ikizunguka polepole haitoi kitu cha kuhesabika, na kwenye foleni ndiko feni inakohitajika! Betri ndiyo italipa. Kwa Series III, iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na alteneta, mazungumzo yanawezekana. Kwa gari la dinamo, badilisha dinamo kwanza. Na kama gari ni la zamani kiasi kwamba chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, ukifuata rangi za waya tu feni itazunguka kinyumenyume.

Wanaosema swichi ya dashibodi inatosha wanasahau kwamba dereva naye husahau. Weka swichi inayohisi joto, rilei, fyuzi na waya mnene. Ile ya dashibodi ibaki kwa ajili ya kuizima feni unapovuka mto, kwa sababu panga la mkanda hurushia injini maji mpaka distribyuta inalowa. Ajabu ni kwamba wauzaji hawaitaji faida hii, nami naiona kubwa kuliko zote.

"Unaharibu uasili wa gari." Peugeot 404 ya miaka ya 1960 tayari ilikuwa na feni inayojiachia kwa klachi ya sumaku-umeme, kwa hiyo wazo la kuipumzisha feni si la jana. Uharibifu wa kweli ni zile pini za plastiki zinazochomekwa katikati ya mapezi ya rejeta. Mtetemo huyasaga mpaka maji yavuje. Tengeneza mabano ya chuma yanayoshika fremu, na panga la zamani liweke stoo pamoja na bolti zake.