Jenereta haisomi kalenda

Haya wasomaji, leo tuache mambo ya kompyuta kidogo, twende kisimani. Garissa, Wajir na Mandera, jenereta za dizeli zimevuta maji ya visima virefu miaka mingi, ingawa siku hizi sola nazo zimeingia. Jenereta nyingi huhitaji oili mpya kila baada ya saa 250 hivi za kazi. Wakati wa mvua, ikiwaka saa 2 kwa siku, hiyo ni miezi minne. Wakati wa ukame, kama ule wa 2020 hadi 2023, ikiwaka saa 20 kwa siku, ni siku 12 na nusu tu! Sasa fundi anayekuja kila miezi mitatu atakuta nini?

Kaskazini mwa Kenya visima kadhaa vimefungwa vihisi vinavyotuma taarifa kwa setilaiti au simu. Vizuri. Lakini kujua pampu imezimika si kinga, ni taarifa ya msiba. Mimi nasema tuhesabu saa: mtunza kisima asome mita ya jenereta, atume SMS kila jioni, programu ndogo ijumlishe. Zikifika 200, fundi aondoke na oili na filta. Ni rahisi kuliko injini mpya, na kuliko malori ya maji. Mnaonaje?