Alama za Wanafunzi Zikae kwa Maandishi

Wapo vijana wetu wa kompyuta wanaodai kwamba kuhifadhi kumbukumbu kwa maandishi ya kawaida ni ushamba. Wanataka data ipangwe kwa binari, mpangilio ambao mashine huusoma moja kwa moja, lakini binadamu akiufungua huona takataka tupu. Hoja zao ni mbili: faili ndogo na kasi.

Kwanza niwape haki yao. Namba 1,000,000 ikiandikwa kwa tarakimu huchukua baiti 7. Kwa binari ya biti 32 huchukua baiti 4, na mashine haihangaiki kuitafsiri. Kwa picha na sauti, binari ina mahali pake. Lakini sisi walimu tunahifadhi nini? Wanafunzi 400, kila mmoja mstari wa herufi 60, ni baiti 24,000 tu. Diski ya zamani ya megabaiti 1.44 ingebeba orodha kama hizo zaidi ya 50. Ubahili huu ni wa nini?

Sasa tazameni hasara. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliweka alama za miaka kadhaa katika programu iliyotungwa na fundi mmoja. Fundi akahama, kompyuta ikafa. Faili zilibaki nzima, ila hapakuwa na wa kuzisoma. Mwalimu aliyefuata uthibitisho wa masomo yake akarudi mikono mitupu. Sisi tunaoishi Mkiwa tunajua kwamba mkiwa ni mtu aliyefiwa akabaki peke yake. Data ya binari isiyo na maelezo, programu yake ikifa, huwa mkiwa.

Tena binari yenyewe haina lugha moja. Baiti 4 za namba, mashine moja huzipanga kuanzia kubwa, nyingine kuanzia ndogo. Namba 1 ikisomwa kinyume inakuwa 16,777,216! Katika maandishi, karani akikosea 71 akaandika 711, hata mwanafunzi ataliona kosa.

Wakubwa wa kazi hii wamekwisha kulielewa jambo hili. Microsoft iliandika faili za Word kwa binari kwa miaka mingi, kisha katika toleo la 2007 ikahamia XML, ambayo ni maandishi yenye alama, yaliyofungashwa kwa zip. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, programu hiyo ilikuwa tayari inahifadhi kazi kwa njia ya namna hiyo.

Nitajibiwa kwamba maandishi nayo hupotosha: 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Ni kweli. Dawa yake ni nidhamu ile ile tuliyofundisha katika daftari la mahudhurio: mstari wa kwanza utaje vichwa vya safu, na tarehe ianze na mwaka, yaani 2024-04-03. Kosa la namna hii hurekebishwa na mwalimu mwenyewe, bila kumtafuta fundi mjini.

Basi, wakuu wa shule, anayewauzia programu aulizwe kabla ya kulipwa: siku utakapoondoka, data zetu tutazitoaje kwa maandishi? Akishindwa kuwaonyesha papo hapo, aondoke na programu yake.