Msituambie "chemsheni maziwa" halafu mkaenda zenu

Ndugu zetu wasomaji, leo hatuandiki juu ya skolashipu wala juu ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Leo tunaandika juu ya ng'ombe. Wengine mtacheka, lakini vumilieni kidogo.

Hapa Nakivale, kijana ambaye hana duka wala kazi ya ofisi anaishi kwa leja leja, na leja leja nyingi ya upande huu iko kwenye mifugo. Kuchunga, kukamua, kupeleka maziwa kwa baiskeli kabla jua halijatoka, kusafisha zizi. Tuko Isingiro, nchi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Katika kundi letu hakuna mtu asiye na kaka, binamu au rafiki aliyewahi kwenda kukaa kwa bosi fulani akimchungia ng'ombe miezi mingi.

Na wengi wanarudi na ugonjwa wa aina moja. Homa inakuja jioni, asubuhi imeondoka. Jasho la usiku mpaka shuka inalowa. Kiuno kinauma, magoti yanauma kama ya mzee. Kwa wanaume wengine korodani moja inavimba, na mtu anaona haya kusema hata kwa nesi. Anaenda kliniki, anaambiwa ni palu, anameza dawa za palu. Wiki mbili hazijaisha homa imerudi, sasa anaambiwa ni taifodi. Halafu mtaa unaanza: huyu amerogwa, huyu ni mvivu, huyu ana ule ugonjwa mwingine. Tumesikia yote matatu yakisemwa juu ya mtu mmoja.

Ugonjwa wenyewe unaitwa bruselosi, ila huku Uganda watu wanasema tu brusela. Unaletwa na bakteria. Iko ya ng'ombe, na iko ya mbuzi na kondoo ambayo kwa binadamu ndiyo kali zaidi. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, ananenepa. Dalili kubwa ni kwamba anatupa mimba, mara nyingi ikiwa imeshakuwa kubwa. Baada ya hapo anaweza kuzaa vizuri tu, lakini bakteria wamebaki kwenye kiwele na tumbo la uzazi, wanatoka na maziwa, na maji ya uzazi, na kondo la nyuma.

Sasa tuje kwenye kilichotufanya tuandike. Kila mara watu wa semina wanakuja na fulana na mabango, ujumbe wao mmoja: chemsheni maziwa. Ni kweli, na hatupingi hata kidogo. Tunachopinga ni kwamba ujumbe unaishia hapo, kama vile ugonjwa huu ni kosa la yule anayekunywa.

Angalieni mchungaji. Ng'ombe amelala chini usiku, mimba inatoka. Nani anaitwa? Si bosi, bosi amelala mjini. Ni kijana wetu, mikono mitupu, anavuta ndama aliyekufa, maji yote yanamwagika kwenye mikono yenye michubuko ya waya na miiba. Bakteria wa brusela wanaingia kwa kidonda kidogo, wanaingia kwa macho, hata kwa kuvuta hewa karibu na ule uchafu. Asubuhi anapewa lita moja ya maziwa, juu ndiyo sehemu ya mshahara wake. Mwambie achemshe maziwa, sawa, atachemsha. Na ya usiku je?

Kuna hadithi ya kweli ambayo inatusaidia kuona jambo hili. Ugonjwa huu ulichunguzwa kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha Malta, wakati wanajeshi wa Uingereza waliokuwa huko walikuwa wanaugua homa isiyoisha. Mwaka 1887 daktari wao, David Bruce, aliwapata bakteria kwenye wengu za wanajeshi waliokufa. Lakini hakuna aliyejua wanatoka wapi mpaka mwaka 1905, wakati Themistocles Zammit, daktari mzaliwa wa Malta, alipopima mbuzi na kukuta mbuzi waliokuwa wazima kwa macho wanabeba ugonjwa. Mwaka 1906 jeshi likakataza wanajeshi maziwa ya mbuzi, na kwa muda mfupi sana homa ikashuka. Raia wa Malta lakini, wale maskini ambao mbuzi alikuwa anapitishwa mlangoni na kukamuliwa pale pale, waliendelea kunywa na kuendelea kuugua. Kuyapitisha maziwa kwenye moto kiwandani kulianza huko mwaka 1938. Zaidi ya miaka 30 baada ya kujua! Mwanajeshi alikatazwa maziwa ya mbuzi lakini alipewa kitu kingine cha kunywa. Raia alikuwa na mbuzi tu. Sisi tunajiona wazi wazi katika wale raia.

Kwa hiyo tunasema wazi: brusela ya mchungaji ni ugonjwa wa kazi, na mwenye ng'ombe ana deni. Jozi ya glavu ndefu na sabuni si mali ya kumfilisi mtu mwenye ng'ombe 40. Chanjo pia ipo. Ndama jike akiwa na miezi kati ya 3 na 8 anachanjwa chanjo inayoitwa S19, mara nyingi mara moja tu. Lakini ni kazi ya veterineri, si ya kijana wa zizi, maana chanjo hiyo ni bakteria hai waliodhoofishwa, na mtu akijichoma na sindano anaweza kuugua. Mkimbizi hana ng'ombe, hawezi kumchanja ng'ombe wa mtu. Huo uamuzi uko kwa bosi na kwa viongozi wa wilaya wanaotakiwa kumfuatilia. Wazee wa kamati ya wakimbizi wanakutana na viongozi hao mara kwa mara juu ya mipaka ya mashamba na ng'ombe wanaoingia kwenye mahindi. Mbona hili la glavu na chanjo halijawahi kuwekwa mezani?

Tukirudi kwa maziwa. Tunajua shida ni kuni. Mkaa umepanda bei, na mama mwenye watoto sita hawezi kuwasha moto mara mbili. Habari njema ni kwamba maziwa hayahitaji kuchemka nusu saa kama maharage. Kiwandani wanayapasha hadi digrii 72 kwa sekunde 15 tu na bakteria hawa wanakufa. Nyumbani, yakipanda juu ya sufuria mara moja, yametosha, yaondoe. Yaweke motoni pale pale baada ya kuipua ugali, kabla makaa hayajalala.

Kwenye mashanza na kivuguto ndipo tunagombana na wazazi wetu. Wanasema maziwa yaliyochemshwa yamekufa, hayagandi vizuri, na wapo wazee wanaosema ukichemsha maziwa ya ng'ombe, ng'ombe atakauka. Tunawaheshimu wazee wetu, wametoka na ng'ombe milimani na kuwapoteza vitani, na maziwa kwao si chakula tu. Ila uchachu peke yake si kinga ya kuaminika, bakteria wanaweza kubaki hai humo siku kadhaa. Dada mmoja wa kundi letu anachemsha, anaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, halafu anatia vijiko viwili vya mashanza ya jana. Kesho yake yameganda. Bibi yake alikunywa na kuomba kikombe cha pili, akasema tu kwamba chumvi imepungua, na hakuna mtu aliyetia chumvi.

Kliniki nazo tuziseme. Hatusemi manesi wana roho mbaya, mstari wa wagonjwa tunauona wenyewe. Lakini mtu akifika na homa ya wiki tatu, swali moja tu lingesaidia: unafanya kazi gani? Kisha kipimo. Kipo kinachoitwa Rose Bengal, ni cha haraka na si cha gharama kubwa. Na dawa zipo: kwa mtu mzima mara nyingi ni doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki 6, au doksisaiklini pamoja na sindano za streptomaisini. Wiki sita, si siku tano. Wenzetu wengi wanaacha wakijisikia vizuri, na homa inarudi ikiwa na maumivu ya mgongo zaidi. Halafu msinunue hizo dawa kienyeji kwenye kiduka. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, na mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa akiimeza hovyo hovyo, anaweza kuwafundisha wale bakteria kuishinda. Mama mwenye mimba ndiyo kabisa, aende kwa daktari, maana dawa zake ni nyingine na ugonjwa unaweza kuitoa mimba yake.

Na nyinyi mnaogawa mbuzi kwa familia, miradi yenu ni mizuri, mbuzi mmoja anamlipia mtoto daftari. Lakini mbuzi anashuka kwenye lori, picha inapigwa, basi. Amepimwa? Veterineri atarudi lini? Mbuzi aliyetupa mimba katika boma la familia iliyokula mkopo ili kujenga banda, mnafikiri watamchinja na kumtupa? Watamuuza kwa jirani. Tungekuwa sisi tungemuuza pia.

Jambo la mwisho ni nyama, na hapa hatuna utani. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula Uganda unatolewa kwa makundi, wengine wanapata kidogo na wengine walitolewa kabisa. Njaa ipo. Kwa hiyo ng'ombe akifa ghafla, jioni nyama yake inatembea mtaani kwa nusu ya bei. Mwaka huo huo wa 2023, kule Kyotera, watu walikufa kwa kimeta. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika hifadhi ya Queen Elizabeth, hapa hapa magharibi ya Uganda. Si ugonjwa wa vitabuni.

Mnyama wa kimeta anakufa ghafla, mara nyingi damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Ukimwona hivyo, usimpasue. Ukimpasua, bakteria wakipata hewa wanajifunga kama mbegu ngumu, na mbegu hizo zinakaa kwenye udongo miaka na miaka zikisubiri ng'ombe mwingine alishwe pale. Moto wa sufuria yako si wa kuutegemea kuziua. Anayechuna ngozi anapata kidonda kisichouma, katikati cheusi kama mkaa. Akiwahi hospitali anapona kwa dawa za kawaida. Akisubiri aone kama kitapona chenyewe, anaweza kufa.

Mzoga kama huo unafukiwa mzima, angalau mita mbili, mbali na maji, ama unachomwa, na veterineri anaitwa kwanza. Kuchimba shimo la ng'ombe ni kazi ya vijana wanne kwa siku nzima, na mwenye ng'ombe atasema hana hela ya kuwalipa. Sisi tuko tayari kuchimba, sepetu tunazo. Tunachotaka ni namba ya simu ya veterineri ambayo inapokelewa, iandikwe kwenye ukuta wa kila kisima, na mtu mwenye mamlaka wa kusimama kando ya mzoga mpaka shimo liwe tayari, juu ikifika saa kumi na mbili jioni, watoto wakiwa hawajala, visu vinaanza kutoka.