Nyumba za zamani katikati ya mji: mwenyi parseli ana haki gani?

Kila mara nyumba ya zamani inapobomolewa katikati ya Lubumbashi, mabishano ni yale yale. Wamoja wanasema tunapoteza historia ya mji. Wengine wanajibu: parseli ni yake, afanye anavyotaka. Lakini kuna swali ambalo pande zote mbili hawapendi kuligusa: serikali ikikataza kubomoa, nani atalipa mabati, mbao na fundi wa kutengeneza?

Swali hili linahusu feza za watu. Nyumba nyingi za wakati wa Wabeleji ziko kwenye parseli kubwa, mahali ambapo bei ya udongo ni juu kuliko bei ya nyumba yenyewe. Mwenyi kununua hatafuti veranda wala vigae vya zamani, anatafuta nafasi ya kujenga etaji na maduka chini. Siku mtaa unapowekwa chini ya kanuni za ulinzi, nafasi hiyo ya kujenga inapungua. Familia ya warithi sita iliyotegemea kuuza na kugawana itakuta bei imeshuka, na paa linaendelea kuvuja.

Sheria inasema nini

Inchi yetu si bila sheria. Ordonansi-sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali ya utamaduni. Inapa serikali uwezo wa kuweka jengo kwenye orodha ya vitu vinavyolindwa. Jengo likiingia humo, mwenyewe hawezi kulibomoa wala kuligeuza bila ruhusa.

Katiba ya mwaka 2006 nayo inavuta pande mbili. Kifungu cha 34 kinasema mali ya mtu ni takatifu, na mtu hawezi kunyanganywa mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, na baada ya kulipwa fidia ya haki. Kifungu cha 46 kinaamuru serikali ilinde urithi wa utamaduni wa taifa.

Juu ya yote kuna sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973: udongo ni wa serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na setifika yake inaonyesha haki hiyo. Hata hivyo, haki hiyo haipaswi kubaki karatasi tupu. Mtu akinunua nyumba na setifika yake iko safi, anaamini amemaliza. Kumbe bado kuna swali la ruhusa ya kujenga, na la kile anachokatazwa kugusa.

Zanzibar wameona nini

Tunachukua mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa sababu kule kanuni hizi zina miaka mingi na matokeo yanaonekana. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ukatoka mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka kwenye Urithi wa Dunia. Kanuni hazihusu jengo moja moja, zinahusu mtaa mzima: urefu wa nyumba, madirisha, milango ya kuchongwa, hata namna ya kupaka ukuta. Kabla ya kugeuza kitu, mtu anaomba ruhusa.

Kanuni hizo zina sababu ya ufundi. Kuta za kule ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizipaka saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza taratibu. Lakini chokaa nzuri, boriti na fundi anayejua kazi hiyo ni gharama. Tena, baada ya mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, na nyingine ni za wakfu. Mpangaji mwenyi kulipa kodi ndogo hana nguvu ya kutengeneza, na kodi hiyo haitoshi kwa mwenyi nyumba. Ndiyo maana wakati wa mvua kubwa kuna nyumba zinazoanguka, ingawa hakuna aliyezibomoa.

Serikali yenyewe haikupona. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa kazi ya kulitengeneza. Watu wawili walikufa. Jumba hilo lilikuwa la serikali, na liko ndani ya eneo la Urithi wa Dunia.

Wenyi mifuko mizito wanaishi hadithi nyingine. Nyumba ikigeuzwa hoteli, kanuni zile zile zinaipandisha bei, kwa sababu mtalii anakuja kutafuta uzamani. Hapo mwenyeji anauza na kuhamia pembeni ya mji. Kuta zinabaki, jirani wanatawanyika.

Na kwetu?

Kongo ina maeneo matano kwenye Urithi wa Dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Pori la Okapi. Yote ni ya maumbile, hakuna hata mji mmoja. Wanaoishi karibu na mapori hayo wanajua tayari maana ya kulinda kitu bila kuulizwa: mpaka unachorwa, na wewe unajikuta upande wa makosa.

Lubumbashi ina kidonda chake pia. Mji ulianza mwaka 1910, na tangu 1921 uwanja mtupu uliachwa kati ya mji wa wazungu na site ya waafrika. Kwa hiyo kuna watu wanaouliza kwa haki: kwa nini tulinde nyumba ambamo wazee wetu waliingia kama boyi tu? Jibu moja ni kwamba wazee hao hao ndio waliochoma matofali na kupandisha kuta. Lakini kama ulinzi utaanza, uhesabu pia nyumba za Kamalondo na kambi za wafanyakazi, si zile za wakubwa peke yake.

Na usianze na marufuku. Orodha ya nyumba itangazwe waziwazi, kwenye komine na kwenye radio, ili mnunuzi ajue kabla ya kutoa feza. Mwenyi nyumba inayolindwa apunguziwe kodi ya nyumba. Akubaliwe kujenga nyuma ya parseli, mbele ibaki ilivyo. Ombi la ruhusa lijibiwe kwa muda unaojulikana, na kukiwa na kukataliwa, kuwe na maandishi.

Bila hayo, mwenyi parseli atafanya hesabu yake peke yake. Ataacha paa livuje misimu mitatu au mine, halafu ataomba ruhusa ya kubomoa nyumba ya hatari. Na siku hiyo, meri haitakuwa na sababu ya kumkatalia.